Kitumbua Kilichovutika

Ningekataa. Shangazi yangu aliponinyoshea kikombe cha bati chenye unga wa ngano na kuniambia niumimine ndani ya unga wa mchele wa dada yangu bila yeye kuona, ningeweza kusema hapana, naye asingenipiga, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kupiga. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na akili za kutosha kujua kwamba jambo linalofanywa nyuma ya mgongo wa mtu haliwi la kumtakia heri. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kupokea vitu kutoka kwa wakubwa.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Mjukuu wangu Neema amerudi nyumbani Kindu baada ya masomo yake Bukavu, na amerudi na agizo la daktari: asiguse ngano maisha yake yote. Ndani ya ngano, alinieleza, mna kitu kinachoitwa gluteni, na miili ya watu wengine inakipiga vita hadi inajijeruhi yenyewe tumboni. Hata vumbi lililobaki kwenye kijiko linatosha. Mkate, chapati, tambi, mandazi, vyote amekatazwa. Basi mimi, mzee niliyezoea kuletewa sahani mezani, nikaanza kumpikia vitumbua. Nililowesha mchele wetu wa hapa Maniema, nikautwanga, nikauchunga, nikaukoroga na ndizi mbivu, nikafunika bakuli na kuliacha liumuke. Asubuhi nilipofunua, ule uchachu mtamu wa mchele ulinipanda puani. Nilivuta kigoda nikakaa.

Siku chache kabla ya hapo, Neema alikuwa amenitoa twende kula pamoja karibu na bandari, kwenye malewa, vile vibanda vya akina mama wanaouza chakula. Mama mwenye kibanda alituwekea samaki wa kukaanga. Neema hakugusa. Aliuliza kwa adabu:

"Mama, hii samaki munaipakaa unga ya ngano mbele ya kuikaanga?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Ngano inanigonjwesha. Na ile mafuta, munakaangia na mandazi ndani?"

Yule mama akaweka upawa chini. "Weye mutoto, unazani miye naroga watu?"

"Hapana, mama."

"Sasa unachunguza chakula yangu kama askari wa barabarani? Papa," akanigeukia mimi, "huyu mutoto wako atanifungia biashara."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni ugonjwa unaojulikana. Akasonya. "Ugonjwa ya ngano! Ngano njo chakula ya wazungu, ugonjwa yake pia ibakie kule kwao." Watu wakacheka, lakini niliona bwana mmoja pembeni akimfunua samaki wake kwa kidole, akamtazama ndani ya tumbo, kisha akasukuma sahani taratibu na kuomba maji. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Nilijikuta nikiitazama mikono ya yule mama, mfuko wa kitambaa chake, kopo lake la chumvi. Neema alikula ndizi ya kuchoma akaridhika. Mimi sikumaliza chakula changu.

Kwetu, kula kwa mwenzio ni kumwambia kwamba humwogopi. Mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni hufuata, na mikono yote hukutana ndani ya sinia moja. Anayekataa, hata akisema ameshiba, amesema jambo lingine, na kila mtu amelisikia. Ama anakushuku kwamba utamwekea kitu, ama yeye mwenyewe ana kitu, na chakula cha watu hakimtoshi. Ndilo kosa tulilomfanyia dada yangu Zaina. Tulisoma mwili wake kwa kanuni ya sinia.

Mama yetu alikuwa amefariki. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na nyumba iliendeshwa na dada yake, shangazi Mwajuma. Zaina alikuwa msichana mkubwa, tayari ameposwa. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa huku kwetu. Kabla ya vita, treni ilipokuwa bado inaleta ngano, tulikunywa chai kwa mkate kila asubuhi, na Zaina alikuwa mwembamba wa kutisha, miguu kama vijiti na tumbo limejaa kama ngoma. Alikwenda chooni mara kwa mara hadi majirani wakaacha kumcheka. Tulisema ni minyoo. Tulimpa mizizi ya kila namna.

Kisha vita vikafika, miaka michache baada ya uhuru. Waasi wakaingia mjini, treni ikakoma, maduka yakafungwa, mkate ukatoweka. Tukala muhogo, mchele, majani ya muhogo tunayoyaita sombe, samaki pale tulipompata. Watu wakaanza kukonda. Baba alitoboa matundu mapya kwenye mkanda wake. Mashavu ya shangazi yalishuka, mimi nikawa na shingo ya kuku. Na katikati ya njaa ile, Zaina akanenepa. Tumbo likatulia, mashavu yakajaa, ngozi ikang'aa, nywele zikashika. Leo naweza kueleza kwa maneno machache: ngano ilikuwa imeondoka, na utumbo wake ulikuwa unapona. Lakini wakati ule, katika mji ambao kila mtu alikuwa akimchungulia jirani ili ajue yuko upande gani, mwanamke anayenawiri huku wenzake wanapungua alikuwa ni swali.

Watoto wa mtaa walilitungia wimbo. Alipopita na ndoo ya maji walimwimbia kutoka nyuma ya ua: "Zaina munene, unakula nini? Zaina munene, unakula nani?" Yeye aligeuka akawatolea ulimi. "Nakula watoto wachafu," alisema. "Nani hajaoga leo?" Wakakimbia wakipiga kelele. Nilicheka pamoja naye, kisha usiku usingizi ukaniruka nikifikiria jibu lake.

Baadaye duka la Mgiriki karibu na gare, stesheni ya treni, lilivunjwa, na magunia yaliyobaki ya ngano yakatawanyika mtaani. Shangazi alipata kopo zima. Alikaanga mandazi, nyumba nzima ikashangilia, Zaina akala kama sisi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejikunja kwenye mkeka. Alipopona alisema mbele ya baba: "Njo ngano. Wakati wote ilikuwa ngano."

Shangazi alicheka. "Ngano iko muntu, hata ikuchukie?"

"Sijui, shangazi. Lakini miye na yeye tumeachana."

Kuanzia hapo Zaina alikuwa na vyombo vyake. Alichukua kikaango kidogo cha chuma chenye vishimo, kile cha vitumbua, ambacho bibi zetu walirithi kutoka kwa watu wa pwani waliokuja kufanya biashara huku zamani. Alikisugua kwa mchanga na majivu, akakisuuza, akakinusa, akakisugua tena. Alikifunga katika kitambaa pamoja na mwiko wake, akakiweka juu, chini ya paa. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alipika vitumbua vya mchele mtupu, akavila peke yake na kuuza vilivyobaki. Kwenye mialiko alikwenda na vyake ndani ya jani la mgomba. Hakutia tena mkono ndani ya sinia la watu.

Nilimchungulia kupitia fito za jiko akisugua kikaango kile. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani alikuwa akiimba tu, kama mtu yeyote anayeosha vyombo. Mimi niliona mtu anayenena maneno juu ya chungu chake cha siri, maana tulikuwa tumefundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo: mwenye chungu cha peke yake ana nyama ya peke yake. Nilianza kuangalia ni nani aliyekonda zaidi nyumbani kwetu. Nilijipima mkono kwa vidole.

Na bado alinipenda. Mimi pekee ndiye niliyeruhusiwa kumsaidia. "Nawa mikono, mudogo wangu," aliniambia. "Mpaka viwiko. Halafu koroga." Nilikoroga unga wake wa mchele, na kitumbua cha kwanza kutoka kikaangoni kilikuwa changu. Nilikila huku nikimshuku. Sijui kama mtu ambaye hakuwa mtoto wakati wa vita anaweza kuelewa jinsi mapenzi na hofu vilivyokaa katika tumbo moja bila kugombana.

Mchumba wake aliitwa Ramazani, kijana mpole wa mtaa wa Mikelenge. Ilibaki siku ambayo mama yake angekuja na wanawake wa ukoo wao amlishe Zaina tonge kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Baada ya tonge hilo msichana ni wao. Habari zikatufikia kwamba Mama Ramazani ameficha ngano kidogo tangu kabla ya vita, aje na chapati, kwa heshima ya mkwewe.

Zaina alipiga magoti mbele ya shangazi. "Muwaambie walete wali. Nitakula sahani nzima. Nitalamba na mukono yake."

"Nitawaambia nini? Kwamba mutoto wetu anaogopa chakula yao?"

"Muwaambie mwili yangu inakataa."

"Watasema tunawaita warozi. Watasema tuna uchawi yetu."

Shangazi hakuwa mwanamke mbaya. Nilivyomfikiria kwa miaka mingi, alikuwa ameingiwa na woga kama sisi sote, naye alitaka kujua ukweli kabla wageni hawajaja. Siku mbili kabla ya ziara aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na mpango ambao ulionekana wa haki machoni pangu. Nitie ngano kidogo katika vitumbua vya Zaina. Akila asidhurike, tutamwambia usoni: umekula ngano ukapona, basi kula chapati ya mama mkwe wako. Akiugua, tutajua hasemi uongo, na shangazi mwenyewe atakwenda Mikelenge kuomba wali.

"Akijua?" niliuliza.

"Atajulia wapi? Anamwamini nani mwingine hapa ndani?"

Nilinawa mikono hadi viwiko, kama Zaina alivyotaka. Alipotoka kwenda kuchota maji nikamimina unga wa kikombe, nikakoroga hadi weupe mmoja ukameza mwingine. Moyo ulikuwa ukinidunda, na si kwa huruma. Nilikuwa na hamu ya kuona. Alipika, akanipa cha kwanza, akala vyake akisimama, akisema leo vimeumuka vizuri.

Hapo vita vikaingilia mpango wetu. Asubuhi ileile ilisikika kwamba wanajeshi wa serikali wanakuja, na kwamba watu wa Mikelenge wanafunga mizigo kukimbilia upande wa Kailo. Mama Ramazani hakutaka kukimbia akiwa ameacha jambo la mwanawe katikati. Alikuja siku ile, si kesho kutwa, na wanawake wake watatu, jasho likiwatoka, na chapati zake zimefungwa katika kitambaa cheupe. Shangazi alinitazama, nami nikatazama chini.

Zaina alitolewa ndani akiwa amevaa kitenge cha mama yetu. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Alikaa mkekani. Mama Ramazani akakata chapati, akasema Bismillahi, akanyosha mkono. Kabla tonge halijafika, Zaina aliinama upande akatapika, mara ya kwanza, mara ya pili, akishika tumbo lake kwa mikono yote miwili mbele ya wanawake wanne waliokuwa wamekuja kumwangalia yeye tu.

Mama Ramazani alirudisha tonge ndani ya kitambaa. Alimtazama Zaina mashavuni, kifuani, tumboni.

"Tangu lini amenenepa hivi?" aliuliza.

"Ana ugonjwa ya ngano," alisema baba kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo.

"Ngano gani, baba? Hajala hata punje ya yangu." Alisimama akajipangusa magoti. "Mwana wangu hajamugusa huyu mutoto. Hii tumbo iko na mwenyewe. Mumutafute."

Ilihitajika sentensi moja. Nilitia ngano asubuhi. Maneno matatu, na mtoto anaweza kuyasema hata akilia. Shangazi angeweza pia, lakini alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, macho yamemtoka, na mimi nilimsubiri yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Pengine yeye alinisubiri mimi. Zaina aliinua kichwa akaniangalia.

"Umetia nini, mudogo wangu?"

"Sikutia kitu, yaya. Wallahi."

Wanawake wakaondoka na chapati zao. Nilizisikia kandambili zao zikipotea barabarani, na mmoja wao akicheka kwa pua.

Jioni Zaina aliamka. Alikwenda jikoni akishika ukuta, akachukua kitumbua kimoja kilichobaki. Kitumbua cha mchele mtupu ukikimega hukatika mara moja na kumomonyoka. Alikivuta polepole mbele ya macho yangu, na ndani kikavutika, kikatoa nyuzi laini kama utando, kikakataa kuachana. Alizitazama nyuzi zile. Kisha aliniangalia mimi, akakiweka chini, akanawa mikono hadi viwiko. Hakunipiga, hakumwita baba. Juma lile mji ulipokimbia, ndugu wa mama yetu alikuwa akielekea Lubutu na watu wake, na Zaina akaomba kwenda naye. Kikaango alikiacha palepale chini ya paa.

Miezi ilipopita pasipo mtoto kuzaliwa, watu wa Mikelenge walikuwa wamekwisha kumwoza Ramazani kwingine. Majirani walisema ameila mimba yake mwenyewe, kama mchawi. Neno lilikuwa tayari, lilihitaji mahali pa kutua tu.

Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza sekondari na kuoa, nilipopata ujasiri wa kwenda Lubutu. Zaina hakuwa ameolewa. Alikuwa akishona nguo za watoto, na alikuwa na afya, mwenye kicheko kikubwa. Alinipokea vizuri mno, akanichinjia kuku. Aliponiwekea sinia alisema amekwisha kula. Nilikuwa nimemletea vitumbua vya mchele mtupu nilivyovipika kwa mikono yangu katika kikaango kipya ambacho hakijawahi kuona ngano. Alishukuru, akaviweka juu ya kabati. Kesho yake niliona watoto wa jirani wakivila uani.

Nami, hata pale, niliendelea kumshuku. Alipotoka mchana nilimfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya watu, nijue anakula wapi. Alikwenda sokoni, kwa mama mmoja mnene anayeuza wali na maharage, si ndugu, wala si kabila letu. Alikaa kwenye benchi lake. Yule mama alisema, "Zaina wangu, leo nimeosha sufuria mara mbili juu yako," Zaina akajibu kitu, wakacheka wote wawili, na dada yangu akala bila kutazama ndani ya sahani. Nilisimama kati ya mafungu ya ndizi hadi akamaliza.

Siku hiyo nilimwambia kila kitu: kikombe, shangazi, kiapo. Alisikiliza huku akishona.

"Nilijua toka siku ile," alisema. "Miye nilingojea useme mbele ya Mama Ramazani. Halafu nikangojea useme mbele ya baba. Halafu nikachoka."

"Unisamehe, yaya."

"Nimekusamehe zamani, njo sababu unalala kwangu."

Nikaenda kabatini nikaleta kitumbua kimoja kilichosalia. "Basi kula kidogo. Mchele mutupu. Naapa."

Alitabasamu niliposema naapa. Alikitazama, akanyosha mkono, nao mkono ukasimama hewani. Nilimwona akijaribu.

"Roho haikatai, mudogo wangu," alisema. "Mukono njo inakataa. Usinilazimishe."

Nilikwenda Lubutu mara nyingine nyingi, na kila mara nilibeba chakula, na kila mara kililiwa na wengine. Neema sasa anakula vitumbua vyangu vya moto akisoma simu, bila kuuliza nimeosha nini na nini. Namtazama nikitaka kumwambia aulize. Aulize kila mtu, aniulize hata mimi.

Zaina alifariki uzeeni. Nilipofika matangani nilikuta kwamba yule mama wa sokoni ndiye aliyekuwa amemlisha katika siku zake za mwisho, uji wa mchele kwa kijiko, na ndiye aliyenieleza jinsi alivyoondoka. Nilimsikiliza kama mgeni anavyosikiliza habari za watu wa nyumba nyingine. Kwa kukipokea kikombe kile nilimharibia dada yangu ndoa, na kwa kunyamaza nilimharibia jina katika mji aliozaliwa. Mimi mwenyewe nilipoteza ndugu yangu wa pekee, ambaye alinisamehe, akanipenda, na hadi anakufa hakuweza kula kitu chochote kilichotoka mkononi mwangu.